Chini ya Saa Mbili

Alipokata kona ya mwisho na kuliona lango la uwanja, Sindano alijua amelikoroga.

Saa kubwa ya mashindano, iliyotundikwa juu ya mstari wa kumalizia, ilionyesha kwamba saa mbili hazijatimia tangu filimbi ilipolia. Miguu ilikuwa myepesi, kifua kimefunguka, na hilo ndilo lililomtisha. Alitaka kupunguza mwendo. Alitaka asimame kabisa, ajishike ubavu, ajifanye amebanwa na kichomi.

"Usiniache," Mama Pacha alihema nyuma yake. "Nakuomba, Sindano. Ukisimama wewe, na mimi ndiyo basi."

Mama Pacha alikuwa anakimbia nusu marathoni yake ya kwanza. Mumewe aliposikia kwamba mkewe, mwenye watoto pacha na genge la mboga, amejiwekea lengo la chini ya saa mbili, alicheka mpaka akamwita jirani aje acheke naye. Tangu kilomita ya kumi na saba mwanamke huyo alikuwa amekwisha. Alikuwa anakimbia kwa macho tu, na macho yenyewe yameng'ang'ania mgongo wa Sindano. Mtu wa namna hiyo unamwachaje?

Hakumwacha. Wakapita chini ya ile saa bega kwa bega: saa moja na dakika hamsini na nane.

Mama Pacha alijitupa kwenye nyasi, akalia na kucheka kwa pamoja. Sindano hakulia wala hakucheka. Alikuwa amemwona mama yake.

Mama yake, ambaye hakuwahi kuja kutazama mbio hata siku moja, alikuwa amesimama nyuma ya kizuizi cha chuma, amevaa nguo yake ya kutokea. Pembeni yake alikuwepo shangazi, mwavuli mkononi. Pembeni ya shangazi, kaka mkubwa. Na katikati yao, ameshika chupa ya maji na taulo iliyokunjwa vizuri, Mfamasia.

"Mbona amechelewa?" shangazi alikuwa anauliza kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Si mlisema saa mbili? Sasa hivi ni karibu saa tatu!"

"Siyo saa mbili ya asubuhi, shangazi," kaka alimwambia. "Ni saa mbili za kukimbia. Amewahi. Amewahi na chenji imebaki."

"Amewahi?" Mama akamgeukia Mfamasia kana kwamba hukumu ilikuwa mdomoni mwake. "Ni kweli, mwanangu? Amewahi?"

Mfamasia alimtazama Sindano, naye Sindano akamtazama. Macho ya mtu huyo yalikuwa mapole siku zote, mapole ya kumfanya mgonjwa akubali kumeza dawa chungu. Leo yalikuwa na kitu kingine, na Sindano hakukielewa.

"Amewahi, mama," alisema.

Vigelegele vya shangazi vikapaa. Mama akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Kaka akaruka kizuizi, akamkumbatia dada yake pamoja na jasho lake lote, akamwambia sikioni huku akicheka, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, dada. Sasa utakimbilia wapi tena?"

Alikuwa anatania tu. Lakini Sindano alihisi kama mtu amefunga komeo nyuma yake.

* * *

Jina la Sindano alipewa na wenzake wa kikundi, kwa sababu ya wembamba wake na kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango wazi, barabara ikimwona. Kikundi kilikuwa cha wanawake peke yao: muuguzi, wauza mboga wawili, Mama Pacha akiwa mmoja wao, karani wa mahakama, na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa kiongozi wao na kuitwa Mwalimu hata na wanaomzidi umri. Walikimbia alfajiri kabla ya kazi. Sheria ilikuwa moja. Kabla ya kila shindano, kila mmoja anataja lengo lake mbele ya wenzake: kilomita tano kwa muda gani, kumi kwa muda gani, nusu marathoni, na aliye na kichaa, marathoni nzima.

"Lengo lako ni lako," Mwalimu alizoea kusema. "Usiazime la mwenzio. Na usilitaje kama hulitaki."

Sindano alikuwa amevunja nusu ya pili ya sheria hiyo kwa muda mrefu.

Yote yalianza baada ya msiba wa baba. Marehemu alikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na kila jioni Mfamasia alikuwa anafunga duka lake, anavuka barabara, anapiga magoti mbele ya mguu ule uliokuwa unawashinda hata ndugu kuuangalia, anausafisha na kuufunga upya. Hakukosa. Mvua ikinyesha alikuja amelowa. Baba alifariki mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mfamasia. Tangu hapo, ndani ya nyumba ile, mtu huyo hakuwa jirani wala mgeni. Alikuwa mwana. Alipotamka kwamba anamtaka Sindano, hakuna aliyemuuliza Sindano. Walimpongeza tu.

Siku walipokaa kumuuliza harusi iwe lini, Sindano aliona kuta zinamsogelea. Akasema neno la kwanza lililomjia. "Nikikimbia kilomita tano chini ya nusu saa, ndiyo tutaongea."

Walicheka wote. Walidhani ni haya za binti. Mfamasia alicheka pia, akasema amekubali, na Jumapili iliyofuata alikuwa amesimama kwenye mstari wa kumalizia na chupa ya maji.

Kilomita tano zikaja zikaisha. Sindano akasema, tano ni za watoto, ngoja kumi, chini ya saa moja. Kumi zilimchukua mwaka, kwa sababu kila alipokaribia saa moja miguu yake "ilikataa". Alipochoka kuona mama yake anafunga na kuomba kwa ajili ya kilomita, akaiachia miguu ifike. Kisha akasema maneno ambayo mwenyewe aliyaona ni ngome: nusu marathoni, chini ya saa mbili. Hiyo haiwezekani haraka. Hiyo itanihifadhi.

Sasa ngome yenyewe ilikuwa imeanguka, na yeye ndiye aliyeisukuma.

Mwalimu alimfikia pale kwenye nyasi, mwenyewe bado anahema, medali ikimning'inia. Alimvuta pembeni kidogo.

"Hongera," alisema. "Lakini nikuulize kitu, na usinikasirikie. Mtu anachukua muda wake wa kilomita kumi, anauzidisha mara mbili, anaongeza dakika chache za uchovu, anapata nusu marathoni yake. Wewe mazoezini unakimbia kumi ambazo zingekupa muda huu mwaka mzima uliopita. Ulikuwa unazipeleka wapi zile dakika?"

"Mwalimu, tafadhali. Siyo leo."

Mwalimu akatupa jicho kwenye kizuizi, akamwona mama, akamwona shangazi na mwavuli wake, akamwona Mfamasia. Mwanamke mwenye akili hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Aa," alisema polepole. "Basi pole. Nilikuja na hongera, kumbe ilitakiwa pole."

* * *

Mabegi ya kikundi yalikuwa yamewekwa kwenye stoo chini ya jukwaa, chumba chembamba chenye harufu ya mpira na chokaa, viunzi vya kuruka vimepangwa ukutani mpaka darini. Sindano aliingia kuchukua begi lake. Alipogeuka, Mfamasia alikuwa mlangoni.

"Mama anasema tuongee," alisema. "Wao wanangoja kwenye gari."

"Mama anasema."

"Na mimi nataka tuongee."

Akaingia. Hapakuwa na nafasi ya watu wawili kusimama bila mmoja kuegemea viunzi. Sindano aliegemea. Mfamasia alimnyooshea taulo, naye akaipokea, akajifuta shingo kwa kitambo kirefu kuliko shingo ilivyohitaji.

"Umekimbia vizuri," Mfamasia alisema.

"Asante."

"Leo hukusimama kufunga kamba ya kiatu."

Mkono wa Sindano ukasimama na taulo shingoni.

"Ile mara ya pili ya kilomita kumi," aliendelea kwa upole uleule, "sikungoja kwenye mstari. Nilikwenda kwenye kona ya mwisho, pale kwenye ukuta wa kituo cha mafuta. Nilitaka nikushangilie mapema. Nikakuona umeinama. Kamba haikuwa imefunguka, mpenzi. Niliiona. Uliifungua wewe, ukaifunga, ukaifungua tena, huku unatazama saa yako. Halafu nikakimbia kwa njia ya mkato ili nikukute kwenye mstari nikupe pole."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukanipa pole."

"Ningekupa nini kingine?"

"Ungeniuliza!" Sauti yake iligonga kuta ikarudi. "Ungesema, wewe mwanamke, mbona unanifanyia hivi? Ungenikasirikia hata mara moja! Hujui kukasirika wewe?"

Mfamasia alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono misafi, kucha fupi, mikono iliyozoea kuhesabu vidonge.

"Niliogopa jibu," alisema. "Nikikuuliza, utanijibu. Nisipokuuliza, bado ni wangu mpaka Jumapili nyingine."

Mlango ukagongwa, na kabla hajaitikiwa kaka akachungulia. "Samahanini, wapenzi. Shangazi anauliza kama mnakuja au aende chooni kwanza."

"Mwambie aende," Sindano na Mfamasia walisema kwa pamoja.

Kaka akacheka, akapotea. Kwa nukta moja na wao nusura wacheke. Sindano aliliona tabasamu likianza pembeni mwa mdomo wa Mfamasia, lile la zamani, na likamchoma mahali ambapo hakutegemea.

Kisha akakumbuka.

"Leo kwa nini umemleta mama?"

Tabasamu likafa.

"Siku zote unakuja peke yako," alisema Sindano. "Leo umeleta gari zima. Mama, shangazi, kaka. Kwa nini leo?"

"Walitaka kuja."

"Usinidanganye. Mama haji mahali penye vumbi."

Nje watu walikuwa wanashangilia wakimbiaji wa mwisho, na kila kelele ilikuwa inatikisa vumbi kutoka darini.

"Nilidhani," Mfamasia alisema hatimaye, "ukimwona mama yako amesimama pale, hutaweza kuinama."

"Kwa hiyo ulinitegea."

"Ndiyo." Hakukwepa macho yake. "Nilikutegea. Kama mtu anavyotega panya. Nilipokuona umeingia langoni na saa mbili hazijatimia nikafurahi, halafu nikakuona uso, nikajua sina cha kufurahia. Nisamehe."

Jambo la ajabu ni kwamba Sindano alijisikia nafuu. Miaka yote hiyo alikuwa anatafuta kosa kwa mtu huyu kama anayetafuta uzi ulioruka kwenye pindo, na hakuwahi kulipata. Leo amempa mwenyewe. Mtu mwenye kosa unaweza kugombana naye. Mtu mwenye kosa unaweza hata kumpenda.

"Mimi si mtu mbaya," alisema, na machozi yakaanza. "Kila mtu atasema mimi ni mtu mbaya."

"Hakuna atakayesema."

"Watasema! Nimekaa kwenye nyumba ile nasikia jina lako asubuhi, mchana na jioni. Mfamasia amefanya hivi. Mfamasia amesema vile. Nikichelewa kurudi, Mfamasia atafikiri nini. Nikicheka na mteja, Mfamasia akipita je? Hata nikiumwa kichwa sina haki ya kuchagua dawa! Mama akikutazama wewe anamwona baba. Sasa mimi nitakukataaje? Nitamkataaje baba yangu aliyekufa?"

"Hunipendi," alisema Mfamasia. Hakuuliza. Alikuwa anaipima ile sentensi, kama anayepima dawa kwenye mizani.

"Sijui!" Sindano alilia. "Hicho ndicho kinachoniua. Sijui, na hakuna aliyenipa nafasi ya kujua. Unakumbuka kabla baba hajaugua? Nilikuwa nakuja dukani kwako na kidole."

"Nakumbuka."

"Sindano ikinichoma kidogo tu, nafunga cherehani, navuka barabara nikaombe plasta."

"Mara nyingine hapakuwa na tundu," alisema Mfamasia. "Nilikuwa nalitafuta, silioni. Nafunga hivyo hivyo."

"Ulijua hilo pia?"

"Mimi ni mfamasia. Nautambua mkono mzima nikiuona."

Sindano akacheka katikati ya kilio, kicheko kidogo kilicholowa. "Siku zile nilikuwa nakuja mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Ulikuwa wangu kabla hujawa wa kwetu. Halafu ukawa wa mama, ukawa wa kaka, ukawa wa shangazi, mimi nikabaki nimepewa wewe kama zawadi ya siku ya kumaliza shule. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokutamani. Nitakutamani saa ngapi, na wewe kila nikigeuka upo?"

Hilo lilimwingia. Alikaa chini juu ya begi la mtu, akaweka viwiko magotini. Sindano hakuwahi kumwona amekaa hivyo. Alionekana kijana, na alionekana amechoka.

"Basi sikiliza," alisema. "Nitamwambia mama kwamba mimi ndiye niliyebadili mawazo. Nitasema nimepata mwingine. Watanichukia mimi, wewe hawatakugusa."

Yalikuwa maneno mazuri. Sindano aliona mlango unafunguka, mwanga upo nje, kazi yake ni kunyamaza tu na kupita. Na kwa sababu hiyohiyo akashikwa na hofu kubwa kuliko yote ya siku ile.

"Hapana."

"Ni njia rahisi."

"Kwako! Hata hili unataka kunibebea? Nikiondoka nimebebwa mgongoni mwako, nitakuwa nimeondoka? Nitakaa miaka yote nikikuona ng'ambo ya barabara, watu wanakutema, na mimi najua umebeba dhambi yangu. Hiyo si kuniachia. Hiyo ni kunifunga kwa kamba nyingine." Alijifuta uso kwa taulo, akaitupa begani. "Nitasema mwenyewe."

"Lini?"

"Sasa hivi. Nikifika nyumbani sitasema."

* * *

Walikuwa wamesimama kandokando ya gari, chini ya kivuli chembamba cha ukuta wa uwanja. Mama alipowaona wakija pamoja alinyoosha mikono. Shangazi alikuwa ameshaanza kupanga.

"Mimi nasema tusubiri mwezi upite, siyo zaidi. Ukumbi ule wa karibu na soko unatosha."

"Mama," alisema Sindano. "Sitaolewa."

"Mwezi ni mdogo, nakubali," shangazi aliendelea, "lakini watu wakijipanga..."

"Shangazi. Sitaolewa. Si mwezi huu, si mwezi ujao. Zile mbio zilikuwa uongo. Nilikuwa napunguza mwendo makusudi ili nisifike. Leo nimefika kwa bahati mbaya."

Kaka alikuwa anacheza na ufunguo wa gari, ukamponyoka. Mama hakusogea. Mikono yake ilibaki hewani, imenyooka, kama mtu aliyekuwa anapokea kitu na kikaanguka kabla hakijamfikia.

"Unasema nini?"

"Nasema sitaki kuolewa kwa sababu ya kidonda cha baba, mama. Alikiuguza, Mungu amlipe. Mimi siwezi kuwa malipo."

"Shukrani ya punda ni mateke," alisema mama, taratibu sana. "Nilikuwa nausikia msemo huo. Sikujua kwamba nimemzaa mimi."

"Mama, usimseme hivyo," Mfamasia aliingilia. "Na mimi nina kosa langu. Nimewaleta hapa leo ili..."

"Wewe nyamaza!" Sindano na mama yake walimkemea kwa sauti moja.

Akarudi hatua moja nyuma.

"Na ile nguo yangu?" shangazi aliuliza, uso umemshuka. "Si umenishonea kwa mkono wako mwenyewe? Ulikuwa unanipima kiuno na unajua hakuna harusi?"

"Ulileta kitambaa, shangazi. Nami ni fundi."

"Lo!" Shangazi alifungua mwavuli, akaufunga tena. Kisha likamjia jambo zito kuliko yote, akageuza kichwa, akalitazama gari, akamtazama mwenye gari. "Sasa... tunarudije nyumbani?"

Uwanja ulikuwa nje ya mji, na wote walikuwa wamekuja kwa gari la Mfamasia.

"Ingieni," alisema Mfamasia. "Nimewaleta mimi, nitawarudisha mimi."

* * *

Hakuna safari iliyowahi kuwa ndefu kama ile. Mama alikaa mbele, kama kawaida yake, kwa kuwa hakuna aliyejua namna ya kumwambia asikae. Sindano alikuwa nyuma, katikati, kaka upande huu, shangazi na mwavuli upande ule. Misuli ya mapaja ilianza kukaza, na hapakuwa na mahali pa kuinyoosha. Aliuma meno. Katika kioo kidogo cha dereva aliona macho ya Mfamasia, yakaondoka. Baada ya muda yakarudi, yakaondoka tena.

"Alikukabidhi kwake," mama alisema kwa ghafla, akiitazama barabara. "Baba yako, siku ile ya mwisho. Alimwambia, nakukabidhi."

"Nilikuwepo chumbani, mama," alisema Sindano. "Alisema, nakukabidhi mama yao."

Taa ikawaka nyekundu, gari likasimama. Walikaa wote watano wakiitazama ile taa kana kwamba itasema kitu.

"Na nimejitahidi, mama," Mfamasia alisema, mikono kwenye usukani. "Nitaendelea. Dawa yako ya presha nitaileta kama kawaida. Hilo halihusiani na hili."

Mama akageuka upande wa dirisha. Mabega yake yakaanza kutikisika. Sindano alitaka kunyoosha mkono amguse, lakini kati yao kulikuwa na kiti, na mkono wake ulikuwa umebanwa na kiuno cha shangazi. Taa ikawa kijani.

Walipofika nyumbani, kwa muda hakuna aliyeshuka. Mazoea ni sheria. Mama alikuwa ameshasema kabla hajajizuia. "Karibu chai, mwanangu."

"Asante, mama. Leo hapana."

Hakuwahi kuikataa chai ya nyumba ile. Mama alishuka akiwa ameshika ukingo wa mlango kama mzee, na siku ile asubuhi hakuwa mzee. Shangazi akamfuata. Kaka akashuka, akasita, akamnyooshea Mfamasia mkono dirishani. "Shemeji..." akaanza, akatafuta neno jingine, hakulipata, akaingia ndani.

Sindano akabaki kwenye kiti cha nyuma, peke yake. Miguu ilikuwa imekuwa mbao.

"Umenichukia?" aliuliza.

"Bado nafikiria," alisema Mfamasia bila kugeuka. Sauti yake haikuwa pole. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeumia, na hakuwa anaificha. "Nimesimama juani miaka miwili nashika chupa ya maji. Najisikia mjinga. Nataka nikae na ujinga wangu kidogo, bila mtu wa kwenu kuniletea chai."

"Una haki."

"Najua nina haki. Shuka, tafadhali."

Akashuka. Alishika paa la gari, akanyoosha mguu mmoja, akanyoosha wa pili, akasimama. Mfamasia aliteremsha kioo.

"Kesho usije kuniomba radhi," alisema. "Wala kesho kutwa. Na usimtume kaka yako. Kama siku moja utavuka barabara ile, uvuke kwa sababu umetaka. Kama hutaki, usivuke. Mimi sitavuka tena kuja kwako."

"Na dawa ya mama?"

"Nitampa mlangoni."

Gari likaondoka. Duka lake lilikuwa palepale ng'ambo, lakini hakuelekea huko. Alinyoosha na barabara mpaka kwenye mzunguko, akakata kushoto, akapotea. Sindano alibaki akiusikiliza mlio wa injini mpaka ukachanganyika na milio mingine ya mji. Miaka yote miwili mtu huyu hakuwahi kuondoka kabla yake, hakuwahi kumpa mgongo, hakuwahi kumnyima hata jicho. Leo ameondoka na hakusema anakwenda wapi, na Sindano akajikuta anataka kujua anakwenda wapi.

"We mtoto!" Sauti ya mama ilitoka dirishani, imekwaruza kwa kilio. "Hebu ingia ndani. Majirani wanakuona. Unangoja nini hapo nje?"

"Sijui, mama," alisema Sindano.

Akakaa kwenye kizingiti, akaanza kufungua viatu, macho yake hayajatoka barabarani.